Siku Masini Ilifunika Bantu ya Ntoto

Mi sikusoma. Hata herufi moja sijue. Lakini sikio yangu iko muzima, na ukisema mbele yangu mara moja tu, kesho nitakusema vile we mwenyewe unajisemaka, na pua yako, na kikohozi yako, na yote. Njo maana kule kambi ya Kashuga bantu balikuwa banapenda kukaa karibu ya sufuria yangu, na njo maana bengine balikuwa banazunguka mbali.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa napikaka ku biro, ofisi moja ya mbao, kando ya kambi, yenye ilikuwa inaandikaka majina ya bantu benye balipoteana. Muntu anakuya, anasema: natafuta bwana yangu, tulipoteana ku barabara. Dada wa lisiti ya majina anaandika mu ordinatere, ile masini ya kompyuta. Ule dada alikuwa binti mwembamba, Kifaransa imemujaa mu kinywa sawa viazi ya moto. Anaita mwenye anafuata: «Sui-vaaaant!» Bamama ba kambi balifikiri ni jina ya muntu, banageuka kuangalia huyo Suiva ni nani mwenye anapita kila saa. Na kulikuwa shefu wa biro, papa moja wa soksi nyeupe, yeye maneno yake inapitaka mu pua kwanza: «Mmmama, hhhapa ni biro, hapana soko.» Kumbe soko ilikuwa na kimya kuliko ye.

Masini ilikuwa tatu. Moja ya bantu ya Kashuga. Moja ya bale ba pande ya Kirolirwe. Ya tatu ilikuwa inapandaka mu gari kwenda pande ya Ntoto, mpaka fasi barabara inamalizika, kisha batumishi banaibeba mu mugongo, banaandika bantu kule, banarudi. Sasa kila masini ilikuwa na bantu yake. Mama anaweza kuwa mu moja, mutoto wake mu ingine, na hizo masini zimekaa ku meza moja zinaangaliana sawa bake-wenza, haziambiane kitu. Dada wa lisiti alikuwa anabeba majina mu kale kafulashi, kakijiti kadogo ka kuchomeka ku masini, toka hii kwenda ile, na mara anasahau, mara anabeba ya zamani juu ya mupya.

Mi mwenyewe nilikuwa mu lisiti. Nilitoka Kirolirwe. Siku tulikimbia, mi nilikuwa ku shamba ya viazi, mudogo yangu alikuwa kule chini, anakamulia bantu ng'ombe. Masasi ililia katikati yetu. Mi nikapanda mulima, ye akashuka. Mudogo yangu, wa tumbo moja, wa mwisho mwenye alikuwa anabaki. Miaka mbili sikusikia hata harufu yake.

Siku moja, muchana, gari ikarudi toka pande ya Ntoto. Nilikuwa nafagia. Dada wa lisiti akafungua ile masini ya gari, anasoma polepole kwa kuhakikisha. Anasoma, anasoma. Halafu akasoma jina ya mudogo yangu. Jina ya baba yetu. Kilima yetu.

Ufagio ikaniponyoka.

«Rudia,» nikasema.

Akarudia. Ni yeye. Nilikaa chini mu mavumbi sawa mutoto. Sikulia hata.

Dada akanishika mukono, ananiita koko, sawa nyanya yake: «Koko, usiogope. Kesho tutatosha karatasi mu masini, shefu atapiga kashe, muhuri ya biro. Gari inarudi kule kesho saa sita. Muntu mwenye jina yake iko ku karatasi ya kashe, batamuleta.» Siku hiyo gurupe ya kutoa umeme ilikuwa imekosa esanse, masini ya kutosha karatasi haikutembea. Basi kesho. Na dereva akasema kitu ingine, bila kucheka: barabara haiko muzuri, bantu ba bunduki banarudi karibu, hii safari ya kesho inaweza kuwa ya mwisho kwa muda murefu.

Asubuhi nilifika mbele ya jua. Na nani alinikuta ku mulango? Papa moja mukubwa wa tumbo, mucuruzi wa Butembo, mwenye iko na maduka na malori, Mukatolika kabisa, rozari ku shingo. Ye njo alikuwa anajua masini, juu aliunganisha maduka yake yeye mwenyewe. Shefu alimuomba akuye kuunganisha masini yetu tatu. Alileta masini ya ine, sanduku nyeusi, juu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma, imefungwa na blanketi sawa mugonjwa.

«Mama,» akaniambia, ule papa anasemaka polepole, anakanyaga kila neno sawa anajaribu kama iko na matope, «Mama. Mi. Niko na depo moja, stoo kubwa. Na maduka tatu. Vitu yote imeandikwa mu masini ya depo. Masini ya duka haina kitu. Ni tupu. Inafungua tu mulango, inaangalia mu depo. Muntu wa duka anaona dosie, ile kifuko ya maandiko, anafikiri iko kwake. Kumbe iko mbali.»

«Sawa bwana ya muke mwengine,» nikasema.

Akacheka mpaka rozari ikaruka.

Aliandika mu sanduku nyeusi, njo yenye alikuwa anaita serveri: hii dosie ya bantu, naikopesha masini hizi tatu, ingine yoyote hapana. Kisha akaenda ku kila masini yetu, akaiambia: we, ile dosie ya serveri, ifungulie hapa, mu mulango hii. Hiyo njo anaita kumonte. Na haikuwa ile masini ya kufinya-finya na kapanya. Ni Linux, alisema, unaandika neno, inatii, haikuulize mara mbili. Na kila mara mbele ya kufinya ile kidude kubwa ya mwisho, anafanya alama ya musalaba. Paji ya uso, kifua, bega, bega, pa!

Dada wa lisiti akaandika jina ku masini ya Kashuga. Tukaona ile jina ku masini ya Kirolirwe, bila mukono ya muntu. Mama we! Mi niliinama chini ya meza kuangalia kama naona jina inapita mu ile kamba ya bluu yenye ilikuwa inaunganisha masini. Shefu mwenyewe akainama kidogo, akajifanya anafunga kiatu.

«Muzuri,» nikasema. «Sasa dada yangu, nitoshee karatasi ya mudogo yangu.»

Dada akaandika jina. Akangojea. Akaandika tena. Uso yake ikabadilika.

«Koko... haiko.»

«Haiko namna gani?»

«Masini ya Ntoto haina bantu ya Ntoto. Naona tu bale ba Kashuga na ba Kirolirwe.»

Nilisikia masikio yangu inalia ngiiii. Bantu yote ya safari ile, wazima, banakula bugali kule musituni, na hapa bamekwisha mu asubuhi moja! Hata vita haikufanyaka mbio vile.

Shefu akatoka na pua yake mbele: «Mmmademoiselle! Umefuta!»

«Shefu, mi sikufuta!»

«Mmmuliandika kweli? Ao huyu mama muzee aliota?»

«Aliota? Mi nilisoma na macho yangu!» Dada akapiga meza. «Mi njo nilisoma!»

«Na mi nilisikia,» nikasema. «Shefu, kama nimeota, basi mu ndoto yangu we pia ulikuwa, na soksi yako ilikuwa na tundu.» Iko na tundu kweli. Akaficha muguu. Lakini mi sikucheka. Inje dereva alikuwa anapakia vifurushi. Jua ilikuwa imepanda.

Papa wa Butembo akasimama. Jasho inamushuka. «Bamama. Shefu. Musinitie zambi. Mi sikufuta kitu. Mi sijaandika neno ya kufuta hata moja. Mi nilifungulia tu dosie ya serveri juu ya ile dosie yenu.»

«Juu ya nini?» nikamuuliza.

«Juu ya ile dosie ya...»

Akageukia masini ya Ntoto.

Nilimwona akifa akiwa wima. Mukono yake ikapanda yenyewe, paji ya uso, kifua, na haikufika ku bega.

«Mu hii masini,» papa akamuuliza dada, sauti imekuwa ndogo sawa ya panya, «ile dosie ilikuwa na kitu ndani?»

«Papa! Ilikuwa na safari muzima ya Ntoto! Zile zingine mbili mulisema nibebe majina na fulashi niweke ku serveri kwanza, nikafanya. Hii ya gari hamukusema. Nilifikiri munajua.»

«Kwangu,» akasema ule papa, «masini ya duka iko tupu. Siku zote iko tupu. Nilifikiri ya gari pia.»

Ni vile. Alituhesabia sawa maduka yake. Mu duka ya mucuruzi wa Butembo, kila kitu inatoka ku depo, muntu wa duka hana kitu yake ya kuandika, basi unafungua depo juu ya tupu na hakuna kitu inapotea. Sisi, bantu yetu haitoke ku depo. Banatokea mu barabara, mu pori, mahali gari inasimama. Alifungulia dosie ya serveri juu ya bantu bazima, ikabafunika. Habakufutwa. Balikuwa chini, banangoja kimya, sawa bantu banalala chini ya bashi, ile turubai ya kambi.

«Funua!» nikapiga kelele. «Funua mbio!»

Akaandika neno ya kufunua. Musalaba. Pa! Masini ikakataa.

«Inasema nini?»

«Inasema... inasema kuko muntu ndani. Inatumikishwa.»

«Muntu ndani!» Mi nywele ilisimama. Nilifikiri ni mudogo yangu.

Kumbe ni dada wa lisiti. Alikuwa ameacha ile dosie wazi ku pembeni ya kioo ya masini, na vile iko wazi, masini haikubali kuitosha. Inje dereva akapiga honi. Shefu sasa ameanza kupiga kelele bila pua, sauti ya kweli ya muntu wa kijiji: «Fungeni! Fungeni yote! We dada, toka mule!» Siku hiyo njo nilijua alizaliwa mu kilima sawa sisi.

Dada akafunga. Papa akaandika tena. Akasahau hata musalaba. Pa.

Na balirudi. Bote. Dada alisoma mustari kwa mustari, machozi inamushuka ku shavu, akafika ku mudogo yangu: jina, baba, kilima. Nikashika meza.

«Endelea,» shefu akasema. «Anatafuta nani?»

Dada akaangalia kioo. Akaniangalia mi. Akaangalia tena kioo.

«Soma,» shefu akasema.

«Imeandikwa... hatafute muntu. Ndugu: dada mukubwa moja. Alikufa Kirolirwe.»

Nilijigusa kifua. Kweli, nilijigusa, kuona kama niko. Miaka mbili niko nawasha makala, nagombanisha bantu, nachekesha kambi, na kule Ntoto niko maiti! Aliniomboleza. Alinyoa hata kichwa, labda, juu yangu, na mi hapa niko naonja chumvi.

Shefu alishika kashe mu mukono, akasita. «Mmmuntu mwenye hatafute muntu, sheria inasema hatuwezi...» Pua ilikuwa imerudi.

«Shefu,» nikasema, «maiti njo inakuomba.»

Akapiga. Alipiga nguvu mpaka wino ikaruka ku shati yake. Dada akakimbia na karatasi, viatu ku mukono, dereva alikuwa amekwisha kugeuza gari. Niliona mukono inatoka ku dirisha, inakamata. Nilibaki mu mavumbi.

Papa wa Butembo alikaa siku zile zote zenye tulingoja. Hakuna mwenye alimuomba. Alibeba bantu ya Ntoto moja moja toka ile masini ya gari, yenye ilibaki kwetu, mpaka ku serveri, akabahesabu mara tatu, ndipo akafungulia tena dosie juu. Hakukula vizuri. Nilimuwekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaiangalia tu. Nilimuiga kidogo, kumuchekesha: «Kwangu. Iko. Tupu.» Hakucheka. Nikaacha.

Siku ya tano gari ikafika, kioo ya mbele imevunjika. Bantu balishuka saba. Wa mwisho, mwanamuke moja mukonde, muguu imevimba, kitenge ya kuazima. Alinitambua mbele mi nimutambue. Alisimama pale, hakusonga.

Batumishi banasema kule Ntoto alikataa kupanda siku muzima. Akabaambia: dada yangu alikufa, huyo mwenye munasema ni mwizi, anavaa jina yake kwa kupata musaada. Halafu asubuhi akapanda. Alisema anaenda kumuona huyo mwizi na macho.

Alikuya mpaka mbele yangu. Akanigusa sikio, yenye iko na alama ya moto ya tangu utoto. Akanigusa meno. Mi nilifungua mikono.

Akanipiga kofi. Kofi ya kweli, yenye kambi yote ilisikia, mpaka kitambaa ya kichwa yangu ikaanguka.

«Nililia bure!» akasema. «Miaka mbili nililia bure!»

Na mi, mwenye ninaiga kila muntu, sikupata sauti ya nani nimujibu nayo.