Mzee Aliyekuja Kutufungia Nyumba

Sitaki mtu aniambie nilikuwa nimechoka, au ni dawa za mafua, au baridi ilinipanda kichwani. Yote hayo nimeshaambiwa. Kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee, na kichwa changu kizima, sijawahi kukosea hata kidonge cha mtu. Haya ninayokusimulia yalinitokea nyumbani kwangu, hapa Scarborough, mchana na jioni, taa zinawaka. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, endelea na shughuli zako, lakini usinikatize.

Ilikuwa mwaka 2011. Baada ya miaka mingi ya kuishi ghorofani nilipata kupanga nyumba nzima, ya chini, yenye ua nyuma. Unajua raha ya kukanyaga udongo wako mwenyewe? Nikapanda mchicha, matembele na maboga ya kula majani. Nikafuga sungura wanne. Halafu nikamleta mama yangu kutoka Tanga, aje akae nami mpaka Aprili.

Sasa mama yangu, niamini, hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliuza maandazi miaka arobaini na hakuna mteja aliyemshinda maneno. Lakini alipofika Kanada ulimi ukalala. Alichagua kiti kimoja karibu na dirisha akakaa hapo, siku nzima, anaangalia barabara isiyopita mtu. Nikimwambia twende nje, anasema, "Niache mwanangu, mimi nimeshamaliza." Chakula anagusa tu. Miguu haina ugonjwa, daktari kasema, ila haitaki kusimama. Kila asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kazini nilikuwa naogopa jambo moja tu, kwamba nitarudi nimkute ameshaondoka, pale pale kwenye kiti. Nikajiapia kwamba mwanamke huyu atauvuka msimu wa baridi na atapanda ndege kwa miguu yake.

Oktoba ikaja, na Oktoba huku ni mwezi wa kazi. Majani ya miti yanamwagika, uyakusanye. Gata za mvua ukingoni mwa paa zimejaa, uzizoe. Bustani uing'oe, mpira wa maji uukunje, banda la sungura ulijaze majani makavu na kulifunika plastiki upande wa upepo. Zaidi ya yote kuna bomba la nje. Ukiacha maji ndani yake yataganda na kulipasua.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimechuchumaa mbele ya hilo bomba, koki nimeizungusha huku na huku bila mafanikio, nikasikia reki inakwangua nyuma yangu. Nageuka, namuona mzee wa Kihindi, sweta la kahawia, kofia ya sufu, anakusanya majani katika ua wangu. Ningemuuliza amepita wapi, maana geti lilikuwa na komeo. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikafanya nini? Malezi yakanitangulia. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," akajibu. "Habari za nyumbani?"

Kiswahili kimenyooka! Wahindi wa kwetu wako wengi mji huu, wengine Kiswahili chao kinakuzidi wewe, kwa hiyo sikushangaa. Nilifurahi tu, nusura nimkumbatie. Akanielekeza, "Koki yenyewe iko chumba cha chini, nyuma ya hita. Funga ile kwanza, halafu fungua hii, maji yote yatoke." Alijuaje kilichomo ndani ya nyumba yangu? Nalo sikuuliza. Nikasema kile ambacho Mswahili yeyote angesema kwa mtu mzima aliyemsaidia. Nikasema, "Ahsante mzee wangu. Karibu ndani. Hapa ni kwako."

Akasimama kama mtu aliyesubiri neno hilo muda mrefu. "Ahsante," akasema. "Nitakuja."

Niliingia kuweka chai, nikarudi hayupo. Jambo moja nililikumbuka baadaye, usiku nikiwa kitandani. Alasiri ile kulikuwa na baridi ya kutosha, kila nilipofungua kinywa mvuke ulinitoka. Yeye alizungumza nami dakika tano na kinywani mwake hakukutoka kitu.

Basi kazi zikaanza kujifanya. Jumatatu natoka kazini, majani yote yako kwenye mifuko, imepangwa kandokando ya barabara. Jumanne gata ni safi. Wiki iliyofuata bustani imeng'olewa na udongo umepinduliwa, banda la sungura limefunikwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nikamwambia mama tumepata jirani mwema. Akasema "haya" na kurudisha macho dirishani. Nilimpikia mzee wa watu pilau, nikakosa mlango wa kuipeleka. Nani anakataa msaada? Wewe ungekataa?

Halafu akaingia ndani.

Ilikuwa Novemba, saa zimeshasogezwa nyuma kama wafanyavyo huku kila mwaka, saa kumi na moja jioni giza. Narudi, bomba la jikoni halitoi maji. Friji limechomolewa, limefutwa, mlango umeachwa wazi kwa kipande cha mti ili lisitoe harufu. Saa ya ukutani imetolewa betri, nayo betri imewekwa juu ya meza. "Mama, nani kafanya haya?" "Yule mzee," akasema. "Kasalimia vizuri tu." Na huyo ni mama ambaye zamani mgeni akigusa sufuria yake bila ruhusa mtaa mzima unasikia.

Nikafungua maji, nikarudisha friji, nikabadilisha kitasa cha mlango. Kesho yake, ambayo sikuwa na zamu, nilitoka kwenda dukani, na niliporudi banda la sungura lilikuwa wazi na tupu. Nikazunguka kuwatafuta. Wawili nikawakuta chini ya baraza la jirani, mama mmoja Mtamil wa Sri Lanka aliyeishi hapo tangu mtaa ukiwa mpya. Wawili wengine sijawaona mpaka leo. Nikamuuliza yule mama kama anamfahamu mzee wa Kihindi mwenye sweta la kahawia. Alikuwa amemshika sungura wangu mmoja kifuani. Akanirudishia, akanitazama, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Umemwingiza ndani?"

Akanieleza. Mzee yule alikuwa mwenye nyumba kabla ya mwenye nyumba wangu. Alizaliwa Tanzania, na kila Novemba alifunga nyumba na kwenda kukaa Dar es Salaam mpaka theluji iishe. Aliifunga kwa utaratibu. Alianza nje, akaja ndani, maji, friji, saa, viti akavifunika mashuka, na mwisho kabisa akazima hita inayopasha nyumba nzima joto. Mwaka mmoja alimaliza yote, akavaa koti, akakaa kwenye kiti cha dirishani na mkoba miguuni kungoja teksi. Hakuna aliyejua kama teksi haikuja, au ilikuja ikapiga honi akiwa ameshakata roho pale kitini. Alikutwa Machi. "Tangu hapo hakuna mpangaji aliyemaliza Novemba," akasema. "Hama, dada."

Nitakwambia ukweli, sikuogopa. Nilipandwa na hasira. Nihame niende wapi na mama asiyesimama, wiki ya baridi? Na kwa nini nihame mimi? Nimefua mashuka ya watu nchi hii mpaka mikono ikachubuka ili nipate mlango wa kufungua kwa ufunguo wangu. Nikawabeba sungura wangu kwapani nikarudi nyumbani nikiwa natukana njia nzima.

Nikawaweka jikoni, nikaingia sebuleni. Viti vyote vilikuwa vimefunikwa mashuka meupe, yamekunjwa pembeni kwa ustadi. Kiti cha dirishani nacho kimefunikwa. Na chini ya shuka kulikuwa na kichwa, mabega na magoti.

Mimi nimeosha maiti. Najua shuka linavyolala juu ya mtu. Nililivuta lile shuka kwa nguvu nikajigonga ukutani. Mama alikuwa hai, macho wazi, mikono baridi. "Kaniuliza kama nimemaliza," akasema kwa upole. "Nikamwambia nimemaliza."

Hapo hapo, chini yetu, hita ikanyamaza.

Niliteremka zile ngazi sijui vipi. Alikuwepo, amesimama mbele ya hita, kofia ile ile, kidole juu ya swichi nyekundu ya ukutani. Mvuke ulikuwa unanitoka mimi peke yangu.

"Washa," nikamwambia.

"Baridi inaingia, mama. Nyumba lazima ifungwe."

"Ina watu."

"Yule ameshamaliza. Ameniambia mwenyewe."

Hakuwa na ubaya usoni, ndicho kilichonitisha. Alikuwa mtu anayetimiza kazi yake. Nikaweka mkono juu ya mkono wake nikaisukuma swichi. Umewahi kushika nyama ya kwenye barafu kwa vidole vilivyolowa? Vidole viligandamana naye. Nikawasha, akazima. Nikawasha tena, akazima. Mara ya tatu vidole vyangu viwili havikunisikia. Nikaelewa kwamba mimi sina la kumfanya, kwa sababu lile neno la kumaliza hakulipata kwangu.

Nikapaza sauti. "Mama! Huyu anazima moto! Unamwambia nini?"



Nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mama yangu na sijutii hata moja. "Kama umemaliza, njoo useme mbele yangu! Sikukuleta huku uniage kwa mtu mwingine! Njoo useme, nimwachie azime!"

Mzee hakunisukuma wala hakunivuta, alingoja tu. Kisha kule juu kiti kikatoa mlio. Unyayo mmoja. Wa pili. Mama ambaye hakuwahi kuzigusa ngazi zile aliteremka moja moja, soksi zangu mguuni, khanga kifuani, lile shuka amelikunja kwapani. Alipofika chini alikuwa anahema na mvuke unamtoka kama sufuria. Akamtazama yule mzee kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe ndiye uliyenifunika?"

"Ulisema umemaliza, bibi."

"Nilisema. Sasa nasema sijamaliza. Mtu haruhusiwi kubadilisha maneno yake?" Akamtupia shuka miguuni. "Mzee mzima, unaingia nyumba za watu unawazimia moto, huna haya? Washa."

Mzee akainamisha kichwa. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya kuona aibu, "Samahani. Teksi yangu imechelewa."

"Basi kaingojee nje," mama akasema.

Mkono wa mzee ukatoka chini ya mkono wangu. Hita ikaguna, ikashika moto. Tukabaki wawili, mimi na mama, na shuka sakafuni, shuka letu wenyewe la kabatini. Mama akashika ukuta, akanigeukia. "Na hao sungura wananukisha jiko langu," akasema. "Nani kakwambia jikoni ni zizi?" Nikalia, kwa sababu lilikuwa jiko langu, na alikuwa hajaniambia neno la ugomvi tangu uwanja wa ndege.

Kuanzia siku ile alisema kila kitu. Ugali wangu laini, theluji haina faida, jirani anapika bila nazi. Alikula. Aprili alipanda ndege kwa miguu yake, na aliishi Tanga miaka minne mingine, akafariki akiwa na watu wake, joto la Januari, madirisha yote wazi.

Mimi bado naishi nyumba ile ile. Vidole viwili vya mkono wa kulia ni vyeupe na baridi mpaka leo, hata Julai. Daktari anasema ni damu haizunguki. Wazee ninaowaogesha wanashtuka nikiwagusa, kwa hiyo navaa glavu. Kila vuli mzee huyo huja na kukusanya majani. Namsalimia, umri ni umri, naye anaitikia. Ndani hajaingia tena na hataingia. Niliwahi kukaa dirishani mwaka juzi, nimetoka zamu mbili, nimechoka mpaka kwenye mifupa, nikasema peke yangu kwamba nimechoka na dunia. Kule nje reki ikasimama ghafla, mtu anasikiliza. Nikainuka nikaimba kwa sauti mbaya niliyo nayo mpaka nikamsikia ameendelea.

Kwa hiyo wewe uliyemleta mzazi wako huku, ukamnunulia koti na televisheni ukadhani umemaliza wajibu, nakuonya. Mtazame. Akianza kukwambia ameshapumzika, ameshamaliza, umuache tu, usimjibu "sawa mama" kwa adabu. Mkatalie hapo hapo. Mpe mchele achambue, mpikie vibaya makusudi, mchokoze mpaka akutukane. Wapo wanaosikiliza maneno yale na kuyachukua kama yalivyo, na wanafanya kazi haraka kuliko wewe.