Mukubwa wa Kambere

Siku baliniletea mutoto yangu aliyepotea, alikuwa na ndevu.

Musicheke kwanza. Mutacheka nyuma.

Naandika hii mu cyber moja ya Butembo. Mutoto yangu analala mu mugongo, na courant, huu umeme, inaweza kwenda saa yoyote. Donc nitaenda mbio.

Mimi ni Léa, kabila yangu Mubudu, wa upande wa Mambasa. Vita ilipotufikia, mwisho wa 2002, nilikimbia na mimba kubwa. Mangina, Beni, mpaka Butembo. Bwana yangu Élisée tulipotezana mu pori, na mpaka leo kila mutu anayetoka kule ninamuuliza.

Hapo tu ndipo pa kulia. Yote inayobakia ni ya kucheka.

Butembo sikulala mu kambi. Ku kanisa, muchungaji alisema kila nyumba ichukue mukimbizi mumoja. Batu banaangalia tumbo yangu, kisha banaangalia viatu vyao.

Mama mumoja munene akasimama ku benchi ya mbele.

"Huyu ni wangu. Na ule wa ndani pia."

Alikuwa Mama Siméon, mujane, muuzaji wa viazi vya Masereka. Alizaa mutoto mumoja tu, Siméon, aliyekuwa anatafuta maisha kule Kasindi, ku mupaka wa Uganda. Mimi nikapewa chumba ya Siméon.

Nikazaa mwanaume. Mama Siméon akamuinua, akamuangalia uso muzuri muzuri, akasema:

"Kambere."

Kama mutu anayekutana na rafiki ku soko.

Nikasema merci. Jina nililipenda. Butembo ba Kambere bamejaa, ukiita moja ku soko, nusu ya soko inageuka. Nikaona mutoto yangu hatakosa benziye.

Maisha ikaanza kuwa tamu. Jioni nilienda masomo ya Kifaransa na kushona, Mama Siméon anabaki na Kambere. Nikirudi nakuta mutoto anabebwa, na viazi vimeungua.

Halafu Esdras akaingia mu lupango yetu, hapa mu kiwanja ya nyumba.

Esdras alikuwa mwanafunzi wa université. Alikuwa anaandika mémoire yake, kitabu ya kumaliza masomo, juu ya namna bakimbizi banaishi mu nyumba za benyeji. Shati imepigwa pasi, viatu vimejaa matope ya Butembo, karatasi ya maswali ku mukono.

"Mama, umejisikia umeingia mu jamii kwa kiasi gani? Kidogo, katikati, ao sana?"

"Jamii gani? Mimi niliingia mu nyumba."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

"Mutoto anaitwa nani?"

"Kambere."

Bic yake ikasimama.

"Na mukubwa wake?"

"Hana mukubwa. Ni wa kwanza."

Esdras akaniangalia vile mutu anaangalia nyumba inayoungua. Akatosha lunette ku macho, akaipangusa.

"Pole sana, mama. Usilazimishe roho."

"Pole ya nini?"

"Siku utakuwa tayari kuniambia, niko."

Akaenda zake, anatembea pole pole kama mutu anayetoka ku kilio. Mimi nikabaki na Kambere ananyonya, tunaangaliana.

Kesho yake alirudi na Madame Mariette, mama anayetuliza roho za batu balioteswa na vita. Mama muzuri, sauti kama uji. Akanishika mukono, akanipa crayon.

"Chora kitu chochote, binti yangu."

Nikachora mbuzi, juu ndiyo kitu najua kuchora.

Akaiangalia muda murefu.

"Huyu mbuzi anatafuta nani?"

"Majani."

Akamugeukia Esdras, akatikisa kichwa. Macho ya Esdras ikajaa maji.

Mais mimi nilikuwa na shida yangu ya kweli, na ile hakuna aliyeiuliza.

Asubuhi moja Mama Siméon aliingia anaimba.

"Siméon ametuma habari. Anarudi kabisa. Ni lazima tumutengenezee chumba."

Chumba ya Siméon ni ile nililala ndani. Mama akaita fundi amupimie Siméon kitanda, kitanda murefu kama mutumbwi. Juu yangu na Kambere hakusema neno. Na mimi niliogopa kuuliza, juu ukiuliza utajibiwa.

Nikaanza kukunja nguo za mutoto.

Esdras aliponiona na ile sura, akafikiri ni huzuni ya mutoto aliyepotea mu vita. Akakaa karibu.

"Mama Kambere, kule Beni kuna kituo. Mama aliyepoteza mutoto mu njia, banamupokea wa kwanza. Nyumba ya mbao, mulango na kufuli. Useme tu: ndiyo, mukubwa wa Kambere yuko. Sisi tutamutafuta."

Mulango na kufuli. Minawaambia kweli, ile kufuli niliiona mbele ya macho, inangaa.

Nikasema: "Mukitafuta mutoto asiyekuwa, bale bako kweli mu pori, nani atabatafuta?"

Esdras akashika kichwa.

"Madame Mariette aliniambia utasema vile."

Akaamua kwenda kwa Mama Siméon. Mimi na Mama tulikuwa inje, tunamenya viazi.

"Mama, wewe ni muzazi, utusaidie. Léa anashindwa kusema. Mukubwa wa Kambere yuko wapi?"

Mama Siméon hakuinua hata macho.

"Anarudi siku ya soko. Na camion."

Kiazi ikaniponyoka, ikaingia mu beseni, maji ikaturukia wote. Esdras akaikalia gunia.

"Ni muzima?"

"Muzima. Shida yake ni kula."

"Mama," nikasema, "mukubwa gani?"

"Weye menya viazi. Si utamuona?"

Nilimenya. Nilifikiri uzee umemupanda ku kichwa. Ao ni mimi: labda batu ba université bananijua kuliko najijua.

Siku ya soko, nusu ya majirani ba avenue yetu balifika. Esdras na biscuit, na viatu vidogo vyekundu vya mutoto wa miaka tatu. Madame Mariette na bitambaa vya kupangusa machozi. Bamama ba chorale ya kanisa balisimama mu mustari, banasafisha koo. Kila mutu ananipiga ku bega: jipe moyo, Mama Kambere.

Mimi nilisimama na Kambere mu mugongo. Muzigo yangu niliifunga kabisa, niliiacha ku mulango. Siméon akifika, mimi natoka.

Camion ikatokea, lori ya Fuso, nyekundu ya vumbi. Chorale ikaanza.

Juu ya magunia kulikuwa mutu mumoja. Akashuka, udongo ikatikisika. Bottes ku miguu, tumbo, na ndevu mpaka ku kifua.

Esdras akamupita. Akaenda nyuma ya camion, akainama chini, akachungulia mu cabine. Akarudi kwa ule mutu.

"Ndeko, ndugu yangu, mutoto yuko wapi?"

"Mutoto gani?"

"Mukubwa wa Kambere."

"Ni mimi."

Kila mutu akanyamaza isipokuwa chorale. Bale balishafika ku refrain, ku kiitikio.

Mama Siméon akaweka mikono ku kiuno.

"Esdras, weye si Munande? Kwetu jina inafuata namna mulizaliwa. Mwanaume wa pili anaitwa Kambere. Mimi nilikuwa na mumoja, Siméon. Huyu akazaliwa mu nyumba yangu. Ulitaka nimuite nani?"

"Mais Mama, alizaliwa na Léa."

"Na Léa ni wa nani?"

"Mimi nilisikia Kambere," Esdras akasema pole pole. "Na kwetu, hata mukubwa akikufa, banamuhesabu. Nikaona wa pili yuko, wa kwanza hayuko..."

Akaangalia viatu vyekundu ku mukono. Siméon naye akaviangalia, kisha akaangalia miguu yake.

"Ni za mimi?"

Madame Mariette ndiye alianza kucheka. Alicheka mpaka bitambaa vyake vikapata kazi. Avenue nzima ikaanguka. Siméon akachukua biscuit, akala, juu zilikuwa zake.

Katikati ya kicheko, Mama Siméon akaona muzigo ku mulango.

"Ile ni ya nani?"

"Yangu, Mama. Siméon amerudi. Chumba ni yake."

Akaniangalia vile Esdras aliangalia nyuma ya camion.

"Chumba nilimutengenezea ni ile ya kuwekea viazi. Siméon atalala kule."

"Na viazi je?" Siméon akauliza.

"Utabizoea."

Hapo ndipo nililia. Esdras akakimbia na kitambaa, akafika wa kwanza, mutoto masikini.

Siméon akamutosha Kambere mu mugongo yangu, akamuinua, bakaangaliana.

"Mudogo yangu," akasema. Kisha akafikiri. "Mama, kama huyu ni mudogo yangu, mwenye kumuzaa mimi namuita nani?"

"Mama mudogo."

Siméon amepita miaka makumi tatu. Mimi sikukuwa bado nimefika makumi mbili na moja. Akainama mbele yangu na ile tumbo, na heshima yote.

"Mama mudogo, maji ya kunawa inapatikana?"

Esdras alimaliza mémoire yake. Ile swali ya kidogo, katikati, sana, aliifuta. Professeur akamuuliza sasa atapima na nini. Akajibu ataanza kuuliza nani alipatia mutoto jina, kisha ataketi na kusikiliza.

Ninyi munaokuja na karatasi kutuuliza kama tumeingia mu jamii, mufanye vile. Na weye mwenye ulikimbia kama mimi, mbele ya kufunga muzigo, uliza. Pengine kitanda banachonga ni ya mutu mwingine.

Viatu vyekundu, Kambere anavivaa sasa, vinamupita bado.

Na Siméon, aliyepata kazi ya kuendesha camion, ku kila barrière ya askari anasimama anauliza habari ya Élisée. Basoda bakitaka kujua ni nani kwake, anabaambia na ndevu zake zote kwamba anatafuta baba yake mudogo.

Courant ingali iko. Kambere ameamuka. Mukubwa wake anapiga klaksoni inje, anaita mama mudogo atoke, njaa imemuuma.