Sinema ya Mchana

Bibi yangu mzaa mama alikuwaga na jiwe lake la kuanikia michembe, nyuma ya nyumba yake kule upande wa Bugwema. Jiwe jeusi, kubwa, linashika joto mpaka jioni, ukilikalia unaruka. Anakata viazi vitamu vyembamba, anavipanga pale juu kimoja kimoja kama anawalaza watoto, halafu ananiambia kaa hapa, fukuza kuku. Kufukuza kuku kunachosha, ndugu yangu, na yeye alijua. Kwa hiyo akanifundisha mchezo. Nifumbe macho, nimwambie nani anapita njiani. Huyu anayeburuta katambuga zake za tairi ni jirani mwenye mguu mbaya. Huyu anayekohoa mara mbili halafu anatema mate ni mwalimu. Ng'ombe anayelia kama anauliza swali ni yule mweupe wa mjomba. Nikikosea ananirushia ganda la kiazi.

"Jicho lina kope," alikuwaga anasema. "Sikio halina. Halilali hilo."

Michembe ile tulikuwa tunaitafuna hivyo hivyo kavu, au inachemshwa na karanga, na pembeni kuna furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wenye miiba mingi. Juzi nimeiona sokoni hapa Musoma, imefungwa kwenye nailoni. Nikanunua. Haina ladha ya jiwe.

Nilikuwa nasema nini? Eh, masikio.

Mimi sasa naishi kwa binti yangu hapa Mwisenge, na pale sebuleni kuna televisheni kubwa kama mlango. Rimoti anashika mjukuu wangu wa kike. Mimi darasa la tatu sikumaliza, lakini kuangalia nimeangalia sana, na mawazo yangu ninayo. Muvi za kupigana sizitaki. Mtu ana risasi saba tumboni, bado anaongea na mkewe maneno ya nusu saa! Mimi nimeona mtu amekatwa panga moja tu, mkononi, na hakuwa na maneno. Zile tamthilia za kutafsiriwa, mdomo umeshafungwa lakini sauti bado inatoka. Zile zinanitia hofu kidogo. Na kwaya? Kwaya nazipenda, lakini siku hizi wanasimama mbele ya gari la watu na maua ya watu, wanafungua midomo tu, sauti wameshaiweka kabla. Mimi namtazama mwimbaji shingoni. Shingo isipovimba, huyo haimbi, anatafuna. Yale mashindano ya kuimba ndiyo nayaangalia mpaka mwisho, kwa sababu yule mtoto pale anaogopa kweli, unaona goti linatetemeka. Hofu haiwezi kuwekwa kabla.

Lakini muvi ikiwa na mtu anayepiga kelele za kuomba msaada, mimi sikai. Wiki iliyopita kulikuwa na moja hivyo. Nikanyanyuka, nikamwambia mjukuu punguza sauti, nikafungua mlango nikasimama barazani kusikiliza. Bodaboda zinapita, mbwa, muuza maandazi.

"Babu, kaa bwana," akasema. "Ni muvi tu."

Maneno yale nilishawahi kuambiwa.

Gari la sinema lilikuwaga linatoka mjini mara moja kwa mwaka, pamba ikishanunuliwa. Kwa kawaida sinema ni ya gizani, lakini wazee wetu walimkatalia yule bwana wa gari. Wakamwambia sisi usiku hatutoki nyumbani, tuna ng'ombe, wezi wa mifugo wanangoja usiku kama huo. Wewe hukukulia kule labda hujui: mwizi wa ng'ombe haji peke yake, anakuja na wenzake ishirini, na kinga yetu ilikuwa moja tu, yowe. Mmoja akipiga yowe, kila mwanaume anayesikia anakimbilia pale, na huku anakimbia naye anapiga, ili na kijiji cha pili kisikie. Hata kama unakula, hata kama una homa. "Yowe ukilisikia ni la kwako," ndivyo tulivyofundishwa kabla ya kufundishwa kusali.

Basi bwana wa gari akasema nitaonyesha mchana. Wakachukua ghala la pamba, ambalo lilikuwa tupu, wakaziba madirisha kwa magunia, wakatundika shuka jeupe ukutani. Mashine ya umeme ikawekwa nje nyuma. Kijiji kizima kikaingia mle.

Mimi siku ile nilikuwa malishoni na mjomba. Ng'ombe huchungwa na watu wawili, na sababu yake ni hiyo hiyo: wa kubaki na wa kukimbia kuita. Mjomba alikuwa kijana, hajaoa, na ng'ombe wale walikuwa wa mahari yake. Binti alikuwa wa upande wa Butiama, washaongea. Mimi nikaanza kulia. Nikamwambia mjomba, wenzangu wote wako sinema. Akanitazama, akacheka.

"Wewe kwa kulia ungezaliwa mbuzi. Haya, nenda. Mchana huu mwizi gani atakuja? Ila uangalie vizuri, uje unisimulie yote. Ukiruka hata kidogo nakuchapa."

Nikakimbia bila kugeuka nyuma.

Ndani ya ghala kulikuwa na joto, na harufu ya mbegu za pamba, na jasho. Bibi alikuwa mbele kabisa, chini, amekunja miguu. Ikaanza bendi ya dansi, wanaume wenye tai wanapuliza tarumbeta, na bwana wa gari anaeleza kwa kipaza sauti. Jirani mwenye mguu mbaya akasimama kucheza, watu wakamzomea: "Kaa chini wewe, mguu mzima unao mmoja tu, unataka nao uishe!" Halafu ikaja ya kupulizia dawa pamba, watu wakapiga miayo. Halafu ikaja ile ya watu wenye farasi na kofia, wanakimbiza ng'ombe wengi, vumbi, kelele. Hapo ghala lilitulia. Ng'ombe tunawajua. Tulikuwa tunaogopa kwa niaba ya wale ng'ombe.

Katikati ya kelele zile nikasikia yowe.

Lilikuwa la mbali, jembamba, linatoka nyuma ya mlio wa mashine. Lile yowe lilipanda, likakatika, likapanda tena. Mimi bila kufumba macho nilijua ni nani. Nikasimama.

"Yule ni mjomba!"

"Kaa chini," akasema mwalimu. "Mjomba wako ameingia lini kwenye sinema?"

Ghala zima likacheka. Mtu akanivuta kaptura nikakaa. "Ni sinema tu, mtoto wewe." Yowe likaja mara ya tatu, na bwana wa gari, maana hata yeye alilisikia, akasema kwenye kipaza sauti, "Mnasikia hao wanavyolia?" Watu wakapiga makofi. Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa amegeuza kichwa kidogo, sikio limeelekea kwenye dirisha la gunia, anasikiliza. Halafu akarudisha kichwa kwenye shuka.

Nikasema moyoni, kama bibi amekaa, basi ni sinema.

Tulipotoka jua lilikuwa bado lipo. Hilo ndilo linaniumiza, lilikuwa bado lipo. Tulimkuta mjomba kwenye kijito, mkono wa kushoto umekatwa karibu na kiwiko, amejifunga shati lake. Alikuwa hai. Ng'ombe hawakuwepo hata mmoja, nyayo zao zimeelekea milimani, na wanaume walipokimbilia huko walikuwa wamechelewa mno. Mwalimu alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. Bibi hakulia. Alisema mara moja tu, akiwa anamwosha mwanawe jeraha, na alisema kwa sauti ndogo kama anamwambia mtungi: "Nilisikia. Nikasema, watu hawa wana maajabu, wametengeneza mpaka sauti inayofanana na ya mwanangu."

Tangu siku ile hakucheza nami tena ule mchezo, ila mara moja.

Ghala lile sasa halina paa, mbuzi wanalala mle. Jiwe la michembe walilipasua wakauza kokoto. Bibi, mwalimu, jirani, wote wametangulia, na yowe lenyewe siku hizi hulisikii, watu wanapigiana simu. Vijana wakiniuliza kama ilikuwa bora zamani, sijui nijibu nini. Nasema tulikuwa tunasikia vizuri. Halafu naona aibu.

Bado sehemu moja, nimekuwa naizungukazunguka toka mwanzo.

Mjomba alikaa siku nyingi ndani bila kusema na mtu. Binti wa Butiama, wazazi wake walituma ujumbe kwamba wanangoja, halafu wakatuma kwamba hawangoji. Asubuhi moja nafukuza kuku pale kwenye jiwe, mjomba akatoka, mkono umefungwa kitambaa, akakaa karibu yangu.

"Haya, mpwa wangu," akasema. "Nilikwambia uje unisimulie."

Nikasimulia. Niliogopa kuruka hata kidogo. Nikamwambia bendi, tarumbeta, jirani alivyocheza, na hapo alicheka kweli, meno yote. Nikamwambia pamba. Nikafika kwenye farasi na ng'ombe, nikapunguza mwendo.

"Hapo ndipo nilipoita?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mlisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Mpaka leo nikiwa nimelala naisema hiyo hapana.

"Tulisikia, mjomba. Wote. Tukasema ni sinema."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia. Akanyoosha mkono ule mzima akachukua mchembe mmoja juu ya jiwe, akautia mdomoni. Akasimama, akachukua fimbo yake. Nikadhani anakwenda porini kidogo kisha arudi nimalizie, maana farasi walikuwa bado hawajafika mwisho.

Bibi yuko ndani, akasikia. "Nani huyo anapita?"

Nikafumba macho kwa mazoea. Fimbo, mguu, mguu. Fimbo, mguu, mguu. Hatua zilipita kwenye mkonge, zikashuka kwenye kijito, zikapanda upande wa pili.

"Ni mjomba," nikasema.

Tukasikiliza wote wawili, yeye ndani, mimi nje, mpaka hazikusikika tena. Na mpaka leo hazijasikika tena.