Usingizi wa Mzazi

Siku hizi nikisema silali, wajukuu wangu wananimwagia ushauri. Bibi, usinywe chai jioni. Bibi, panda kitandani saa ileile kila siku. Nawaitikia kwa sababu wananipenda, lakini moyoni nacheka kicheko kibaya. Ushauri huohuo nilipewa enzi za Mwingereza, nikiwa mke mgeni huku Akheri, na haukunifaa kitu.

Usingizi wangu ulichukuliwa na maji. Mfereji wetu ulitoka juu mlimani, ukapita kwenye migomba na kahawa zetu, ukateremka hadi shamba la mzungu kule chini. Babu zetu waliuchimba kabla mzungu yeyote hajaonekana huku. Lakini yule alipolalamika kwamba maji hayamfikii, wakubwa wa boma waliamua: mchana maji ni yake, usiku ni yetu. Wazee wa mfereji wakaugawa usiku, kila ukoo na zamu yake, na zamu zenyewe zilihamahama, mara baada ya chakula cha jioni, mara majogoo. Hakuna aliyeuliza tutalala lini.

Mume wangu alikuwa mjini Arusha akiwapigia watu nguo pasi, na nyumbani alikuja Jumapili mojamoja. Kufungua maji kule juu ilikuwa kazi ya wanaume; mwanamke hakutakiwa hata kukanyaga pale mfereji unapoanzia. Kusimama shambani na jembe, kuyaelekeza maji shina kwa shina kabla jirani hajayavuta kwake, hiyo iliniangukia mimi. Heshima ya mfereji ilikuwa yao, matope yalikuwa yangu.

Mwili ukazoea vibaya. Hata usiku usio wa zamu yetu nilikaa macho makavu, nikisikiliza kama maji yanakuja. Na mchana mke halali. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo kwa haki, lakini siku moja alinikuta nimejiegesha kwenye majani makavu ya migomba baada ya zamu, akanisimamia.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Una mimba?"

"Hapana, Mama."

"Sasa watu wakipita hapa watasema nini?"

Nikainuka, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilikwenda zahanati. Dresa, yule msaidizi wa daktari, kijana wa kaptula nyeupe iliyonyooka kama kadi, aliniambia nilale saa ileile kila usiku, nioshe miguu kwa maji ya moto, nisifikirie mambo. Nikamwuliza, zamu ya maji ikiangukia saa hiyo? Akasema nimwombe mume wangu anisaidie. Nilirudi nyumbani na hasira hata nikasahau chumvi niliyotumwa. Mzee wa kanisa yeye alinipa jingine: mwenye dhamiri safi hulala. Huyo sijamsamehe, na alishakufa zamani.

Dawa niliipata bila kuitafuta. Nilijifungua.

Kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi haguswi. Niliwekwa kitandani, moto ukawashwa karibu, mlango ukafungwa. Mama mkwe yuleyule aliyeniinua kwenye majani alinipikia mtori, akanishikia bakuli mpaka nimalize. Mtoto akishanyonya, alimchukua. Zamu ya maji ikachukuliwa na wifi yangu. Wageni wakija na maziwa niliwasikia wakizuiwa nje: "Mzazi amelala, msipige kelele." Nililala mchana, nikaamka, nikala, nikalala tena. Mpaka leo sijaonja kitu kitamu kama kile, na nimekula harusi nyingi.

Kisha miezi ya kulindwa ikaisha, nikarudishiwa jembe, na macho yakakauka tena.

Basi mkisikia wanawake wa mlima walizaa sana, kila mtu na maelezo yake. Mimi nitawaambia tulivyosemezana wakati wa kukata majani.

"Wewe utalala lini, dada?"

"Kahawa zikiiva."

"Una bahati, mwenzangu. Mimi hata dalili sina."

Tulicheka. Hakuna aliyetaja neno mtoto, na hakuna aliyeona ajabu. Niliwapenda wanangu wote, wanajua. Lakini kila nilipohisi tumbo jipya, nilichokiwaza kwanza kilikuwa kile kitanda na ule mlango uliofungwa.

Wa nne alizaliwa hakulia. Alikuwa wa kiume, nywele nyingi. Wanawake walimfunga kwenye kitambaa, wakampeleka nyuma ya migomba. Mama mkwe alilia kweli, alilia kuliko mimi. Mimi nililala chali nikingoja moto uwashwe.

Haukuwashwa. Niliangalia mlango, ulikuwa wazi, kuku wanaingia na kutoka. Jirani yangu alikuja na kibuyu cha maziwa, akaambiwa habari, akasema pole pale nje, akarudi nacho kwao. Sikumlaumu, ndiyo desturi. Anayelindwa kitandani ni mzazi, na mzazi lazima awe na mtoto. Mimi nilikuwa mke tu, aliyelala mchana.

Nililala hivyo siku chache, bila usingizi. Kisha jioni moja mama mkwe akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Alinishika mguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu, pole," alisema. "Wifi yako ana homa. Zamu ni yetu leo."

Nikaenda. Maji yalipofika shambani nikaanza na shina la kwanza, maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, gauni likalowa mpaka tumboni, yakadondoka kwenye mfereji. Nikayaacha yaende, maana jirani wa chini alikuwa ameshaanza kupiga kelele kwamba nachelewesha maji.