Aliyelazwa kwa Kadi ya Mdogo Wake

Mshona magodoro na kaka yake, fundi makochi, walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mdogo alikuwa na bima ya kiwandani, iliyomlinda yeye, mkewe na binti yao mwenye pumu. Kaka mtu alijiajiri, na habari za bima alizisikia redioni tu.

Kidonda kilipomvimbisha kaka mguu mpaka gotini, mdogo hakusita. Alimpa kadi yake ya bima, akamkalisha kwenye kochi ambalo halijamaliziwa, akamkaririsha tarehe ya kuzaliwa, jina la mke, hata cheo cha kazini. Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kaka akadai basi na mshahara aupokee yeye.

"Wakikuuliza lolote," mdogo alisisitiza, "jibu kama mimi."

Kaka alilazwa asubuhi. Jioni alikuwa maiti.

Tangu mazishi, mdogo hakunyoa ndevu, maana kila akijitazama kwenye kioo aliyemtazama ni kaka yake, kimya, kama anayengoja swali linalofuata. Aliogopa nyumba yake mwenyewe. Kisha duka la dawa likamnyima binti dawa ya kuvuta: mwenye kadi amefariki, bima imefungwa.

Ikabidi aende ofisi ya bima kukiri. Karani alimwambia kosa lake litashughulikiwa baadaye, lakini bima ya mtoto ingefunguliwa leo hii, mjane wa kaka akitia sahihi kwamba aliyekufa ni mumewe. Shemeji akaja. Kabla ya kushika kalamu aliomba asomewe faili.

Karani akasoma: mgonjwa aliulizwa kuhusu penisilini, akasema haimdhuru, akadungwa.

"Mume wangu alijua sindano ile itamuua," shemeji alisema. "Alijua tangu utotoni."

Karani, mtu wa huruma, alisema pengine homa ilikuwa imempanda kichwani. Shemeji akashusha pumzi. Mdogo alitamani kuinyakua huruma ile akimbie nayo. Alimfikiria binti yake akikoroma kifuani, akaiangalia kalamu.

"Hakuchanganyikiwa, shemeji," alisema. "Alijibu kama nilivyomfundisha."

Shemeji akamgeukia. "Wewe sindano ile haikudhuru?"

"Hainidhuru."

Shemeji akatia sahihi, akaisukuma karatasi kwa karani.

"Hii ni ya mtoto," alisema. "Wanangu nitawaambia mwenyewe. Wewe usije."