Nyuma ya Karatasi ya Fidla

Mwaka wa 2023, mvua za Machi zikiwa zimeanza, nami nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mume wangu alifariki kwa shinikizo la damu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 9. Siku arobaini nilizikaa nyumbani kwetu, mtaa wa Murara, bila kuigusa fidla, kama desturi inavyomtaka mjane. Tarehe 22 Aprili nilirudi kazini, kwenye harusi.

Mimi sina bendi wala mwajiri. Anayenihitaji huniita. Jumamosi hupiga nyimbo za Kinande maharusi wanapoingia ukumbini. Jumapili hufuatana na kwaya katika misa. Siku za kazi huenda hotelini kando ya ziwa kwa wapiga rumba, au studioni kwa vijana wa rap wanaotaka huzuni ya sekunde ishirini. Nina pinde mbili za kupigia fidla: mmoja wa kanisa, ambao nywele zake ni safi, na mwingine wa rumba, uliokwisha kuchakaa. Nyuzi zilikuwa zikitoka Kampala kupitia mpaka wa Bunagana. Njia hiyo ilipofungwa na vita, uzi mwembamba kuliko wote niliutengeneza kwa waya wa breki ya pikipiki. Nyimbo zote nazijua kwa sikio, kwa kuwa ndivyo mwalimu mzee wa kwaya alivyonifundisha.

Mwaka ule nilizipiga zote sawasawa. Sikuona tofauti kati ya harusi na matanga, isipokuwa chakula. Mpiga gitaa wa hotelini alinitania siku moja: "Mama, vidole viko hapa. Wewe uko wapi?" Nilimjibu kwamba aliponiita kazini aliita vidole tu.

Tarehe 9 Machi 2024 tuliondoa matanga. Mdogo wa mume wangu, direkta wa shule ya msingi huko Butembo, alikuja kwa ndege kwa sababu barabara ya Rutshuru haikupitika. Baada ya misa, vitu vya marehemu vilitandazwa juu ya mkeka, ili wazee wa familia wavigawe: koti, saa, redio, Biblia. Ndipo shemeji akaomba fidla nayo iletwe.

Katika bahasha ya marehemu alikuwa amekuta karatasi ya mauzo, ya tarehe 14 Novemba 2009, yenye jina la kaka yake na saini yake. Alizungumza kwa adabu. Binti yake alikuwa akijifunza muziki kwa masista, na fidla ya baba yake mkubwa ingekuwa ukumbusho kwake.

"Shemeji, hatukunyang'anyi," alisema. "Lakini karatasi iko na jina ya kaka."

Wazee waliafiki. Muzee aliyeongoza kikao alisema jambo hilo liandikwe rasmi kwa mkuu wa mtaa, Ijumaa tarehe 22, kabla shemeji hajarudi Butembo. 

Fidla hiyo niliinunua mimi, kwa fedha ya maharage niliyokuwa nikiyaleta kutoka Rutshuru. Muuzaji alikuwa mwanamuziki mzee aliyekuwa anahama mji. Aliandika karatasi, akamtaka mnunuzi atie saini. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na sikujua kuandika hata jina langu. Mume wangu alisaini badala yangu. Muuzaji hakuridhika, alitaka alama yangu. Basi niliigeuza karatasi, nikabonyeza kidole gumba upande wa nyuma, mahali ambapo niliamini hakuna atakayetazama. Juu yake muuzaji akaandika: alama ya mnunuzi mwenyewe.

Niliona haya kwa sababu mume wangu, tulipooana mwaka wa 2004, aliwaambia watu wa kwao kwamba ameoa mwanamke mwenye diploma ya serikali, yaani aliyemaliza sekondari. Kila Noeli tulipokwenda Butembo, shemeji alinipa heshima ya kusoma somo mbele ya familia, nami nilisingizia ubovu wa macho. Nilianza kujifunza herufi kwenye kituo cha parokia mwaka wa 2011, nikiwa na miaka thelathini na minne, na cheti cha shule ya msingi nilikipata mwaka wa 2018. Huko Butembo hakuna aliyejua.

Kwa hiyo kwa siku kumi na tatu nilichagua kuipoteza fidla kuliko kuionyesha alama ile. Nilijiambia kwamba hainiumi, na kweli haikuniuma. Hakuna lililoniuma mwaka ule. Tarehe 21 nililegeza nyuzi, kama inavyofanyiwa ala inayosafiri, nikaifunga ndani ya kisanduku pamoja na pinde zote mbili.

Ofisini, mbele ya shemeji na yule muzee, mkuu wa mtaa alisoma proseverbali, hati ya makubaliano, kwa sauti. Ilisema kwamba marehemu aliinunua fidla hiyo tarehe 14 Novemba 2009, na kwamba mjane wake anathibitisha hivyo. Nilipewa kalamu. Tarehe ilikuwa sahihi. Mengine yaliyoandikwa hayakutokea, na mkono wangu haukushuka.

"Papa," nilimwambia mkuu wa mtaa, "geuza ile karatasi ya mauzo."

Aliigeuza, akaisogeza karibu na dirisha. "Hiki kidole ni cha nani?"

"Ni changu. Mwaka ule sikujua kuandika jina langu."

Shemeji aliinama kuitazama alama. "Kaka alituambia uko na diplome."

"Aliwaambia. Nami nikanyamaza miaka ishirini."

"Na yale macho, kila Noeli?"

"Macho yangu ni mazima, shemeji."

Muzee alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Mkuu wa mtaa alileta kidau cha wino, akanibonyeza kidole kwenye karatasi nyeupe, akalinganisha alama hizo mbili kwa muda mrefu. Kisha aliichana proseverbali, akaandika nyingine: fidla, kisanduku na pinde ni mali ya mjane. Shemeji alisaini wa kwanza, bila kunitazama, halafu akanisogezea kalamu kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mkubwa.

Niliandika jina langu kamili, na chini yake tarehe 22 Machi 2024, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Sikusikia furaha. Nilichukua kisanduku changu, na kidole kilichokuwa bado na wino kikaacha doa kwenye mshikio.