Katoni Shingoni mwa Mama

Nilirudi kutoka Beni Jumapili mchana, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Kulikuwa na semina kule, sisi walimu wa vyuo kutoka huku na huku, na wageni wachache walioshuka kwa ndege pale Mavivi. Tulizungumzia namna ya kuondoa ukoloni ndani ya masomo yetu. Mimi nilisoma hotuba juu ya lugha za nyumbani, jinsi shule ilivyozifukuza na jinsi inavyotupasa kuzirudisha. Niliisoma kwa Kifaransa, kwa sababu kila mtu alisoma kwa Kifaransa. Walinipigia makofi. Njia nzima, teksi ikisimama kwenye kila kizuizi cha askari, nilikuwa najirudia moyoni zile sentensi zilizowapendeza watu.

Nyumbani kwetu Bulengera nilimkuta mama yangu amekaa mlangoni anamenya viazi. Alikuwa ameshuka kutoka Masereka ili atibiwe goti, na alikuwa nasi tangu mvua zilipoanza. Shingoni alikuwa amevaa kipande cha katoni ya sabuni, kimetobolewa na kufungwa kamba.

"Mama, hii ni nini?"

"Niko kwa adhabu," alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa anaitumia na mimi. "Nilisema Kinande."

Nilicheka, nikidhani ni mambo ya binti yangu tu. Jirani yetu mwenye kaduka alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua.

"Mama yako alikuja mpaka ku duka na ile kitu," aliniambia. "Alikuja kununua chumvi. Tulimwambia aitoe, akasema mwalimu wake hajamuruhusu."

Kicheko kilinikaukia. Nilichukua kile kisu cha viazi, nikakata kamba, nikaitupa katoni ndani ya mbabula. Mama aliiangalia ikiungua juu ya makaa.

"Ungeacha," alisema, safari hii kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. "Ulikuwa mchezo wetu. Saa zingine mtoto hasemi na mimi."

Nilimwita binti yangu, yuko darasa la tatu. Nilimuuliza nani alimfundisha mchezo kama ule.

"Hapana muchezo, maman. Ku masomo iko vile." Alinieleza bila wasiwasi, kama anayeeleza kanuni za mpira. Kuna kipande cha ubao chenye kamba. Mwenye anasema Kinande anavalishwa, na anakaa nacho mpaka amkamate mwingine anayekisema. Anayebaki nacho kengele ya mwisho ikilia ndiye anafagia darasa.

"Na wewe ulishavaa?"

Aliangalia chini. "Nilisema wasingya."

Rafiki yake alikuwa amemkatia kipande cha muwa, naye akamshukuru. Basi.

"Ulimpatia nani ule ubao?"

"Yeye. Mwenye muwa. Nilimuuliza wanaita vipi muwa ku Kinande. Akajibu."

Alisema hivyo akikwaruza ukuta kwa kucha. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa nini? Shule ile niliichagua mimi mwenyewe, kwa sababu watoto wake wanasifiwa kwa Kifaransa, na sikuwahi kuuliza wanakipata kwa njia gani.

Jumatatu asubuhi nilimshika mkono tukaenda wote kwa direkta wa shule. Ni mtu wa jimbo lingine, mpole, serikali ilimtuma huku na mshahara wake unachelewa kama wetu. Nilikuwa nimeamua kuongea naye kwa Kiswahili. Alitusalimu kwa Kifaransa, akanivutia kiti, na mimi nikajibu kwa Kifaransa. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Nilisikia maneno ya Beni yanatoka kinywani mwangu, yale yale, kwa mpangilio ule ule, na binti yangu amesimama pembeni ananitazama usoni.

Direkta alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, unakisema vizuri sana," alisema. "Kifaransa kama hiki ndicho ninachowatafutia watoto hawa." Kisha alinionyesha uwanja kwa dirisha. Kule nje kulikuwa na watoto wa askari wanaosema Lingala, watoto wa wafanyakazi wa serikali waliotoka mbali, na watoto wa hapa. "Nikiwaacha, kila mmoja atakaa na wa kwao. Hata mimi nilivaa. Kwetu ulikuwa mfupa. Lakini kama wazazi hawautaki ubao, nitautoa. Waulize mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi."

Tulipotoka, binti yangu alinibana mkono. "Maman, umesema muzuri," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, ndani ya darasa, wazazi tumebanana kwenye madawati ya watoto. Nilisimama na kuanza kwa Kinande. Nilitaka wakisikie ndani ya shule ile ile. Salamu zilienda vizuri, hata wengine walitabasamu. Lakini nilipofika mahali pa kueleza kwamba ubao unamnyima mtoto heshima yake, neno lilikataa kuja. Niliruka kwenye Kiswahili, na mwishowe nikasema neno lenyewe kwa Kifaransa. Mke wa askari mmoja aliuliza kwa upole kama ninaweza kuanza upya, maana yeye hakuelewa chochote.

Ndipo aliposimama mama mmoja muuza vitunguu. Nilimjua kwa sura, watu wake ni wa upande wetu wa Masereka.

"Mama, wewe ulisoma," alisema. "Uko na Kifaransa yako, inakupeleka mpaka Beni kwa ma-séminaire. Siye tuko na Kinande tu. Tukienda ku bureau ya serikali wanatuzungusha, juu hatujue kusema. Sasa unataka batoto yetu bakae kama siye? Ubao hauuwe mutu."

Walimpigia makofi mengi kuliko niliyopigiwa mimi Beni. Hakusema kwa ubaya. Nilitafuta jibu, na kila nililolipata lilikuwa la mtu ambaye tayari anacho kile wanachokitafuta wao. Nilikaa.

Ubao ulibaki. Direkta alifuta tu ile adhabu ya kufagia, nafikiri kwa kunihurumia. Niliulizia shule nyingine mbili za karibu, nazo ziko vile vile. Binti yangu bado yuko pale, na mwezi uliopita alikuwa wa pili darasani.

Mama alirudi Masereka goti lilipopoa. Sasa tunampigia simu Jumapili baada ya misa. Mara ya kwanza nilimfundisha binti yangu salamu za Kinande kabla hatujapiga, nikasimama karibu yake ili nimnong'oneze zikimpotea. Hakupata nafasi ya kuzisema. Sauti ya mama ilitangulia kutoka kule mlimani, taratibu, neno moja moja, kwa Kifaransa:

"Bonjour, ma fille. Ça va?"

"Koko!" Binti yangu aliruka kwa furaha. "Nani amekufundisha?"

"Mutoto wa jirani," mama alisema. "Kila jioni ananifundisha kidogo. Nilitaka tusikilizane."

Niliwaachia simu, nikaenda kusimama jikoni mpaka walipomaliza.